Maisha ya Bill Harrah na Mnada wa Magari Yake

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye maisha yake yana funzo kwa wakubwa na wadogo. Najua wengi walitazamia nichague kiongozi wa siasa au mwandishi wa vitabu. Lakini mimi ni fundi wa magari. Nimeendesha gereji mjini Morogoro kwa zaidi ya miaka 30, na ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba mazungumzo yangu yote huishia chini ya boneti. Kwa hiyo nimemchagua mtu wa magari.

Jina lake ni William Fisk Harrah, raia wa Marekani, ambaye watu walizoea kumwita Bill. Alifariki Juni 30, 1978, mwaka ambao mimi nilikuwa kidato cha nne hapa shuleni. Wakati huo sikuwa nimelisikia jina lake hata mara moja. Nililiona kwa mara ya kwanza miaka michache baadaye, nilipokuwa fundi kijana katika karakana ya watu, ndani ya gazeti la magari lililosahauliwa na mteja kwenye kiti cha nyuma. Palikuwa na picha ya gari refu kuliko yote niliyopata kuyaona, na maelezo kwamba gari hilo limeuzwa mnadani mwaka 1986 kwa dola milioni 6.5. Nilidhani mpiga chapa amekosea nukta. Hakukosea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya kila habari ninayoipata juu ya mtu aliyekuwa na gari lile, na juu ya namna lilivyofika mnadani.

Harrah alizaliwa Septemba 2, 1911, katika mji wa South Pasadena, jimbo la California. Baba yake, John Harrah, alikuwa mwanasheria, na aliwahi kuwa meya wa mji wa Venice ulioko pwani ya jimbo hilo. Kijana Bill aliingia chuo kikuu mjini Los Angeles kusomea uhandisi wa mitambo, akitumaini kuishi kati ya mashine alizozipenda tangu utotoni. Lakini mporomoko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliikumba mali ya baba yake kama ulivyozikumba familia nyingi nchini humo. Bill akaacha masomo, akarudi nyumbani kutafuta riziki.

Baba alikuwa amebaki na biashara ndogo karibu na bahari, ambamo watu waliokuja kupunga upepo walicheza mchezo wa kubahatisha uliofanana na bingo. Ili ukumbi usionekane mtupu, baba aliwalipa watu wajifanye wachezaji. Bill hakuupenda utaratibu huo. Aliona kwamba mteja akigundua hila hatarudi tena, na kwamba viti vibovu na ukumbi mchafu vinafukuza watu zaidi ya uchache wa wachezaji. Baba na mwana wakavutana, na mwisho wake mwana akainunua biashara ile kwa dola 500. Ilikuwa mwaka 1933, naye ndiyo kwanza anaingia utu uzima. Akawaondoa wachezaji wa bandia, akaweka viti vizuri, na baada ya muda mfupi faida ikaanza kuonekana.

Hata hivyo wakuu wa California hawakuipenda michezo ya namna hiyo, na mara kwa mara waliifunga. Jimbo jirani la Nevada lilikuwa limehalalisha kamari mwaka 1931. Basi mwaka 1937 Harrah akahamia mji wa Reno huko Nevada, akafungua chumba cha bingo. Hakikudumu. Alikuwa amechagua mahali pasipopitwa na watu, akafunga mlango baada ya muda mfupi. Mwaka uliofuata akajaribu tena mahali pengine, na safari hii akasimama. Mwaka 1946 alifungua kilabu kikubwa cha kamari katikati ya Reno. Mwaka 1955 akanunua kilabu kingine kando ya ziwa Tahoe, kwenye mpaka wa Nevada na California. Mwaka 1971 kampuni yake ilianza kuuza hisa kwa umma, na mwaka 1973 hisa hizo zikaingia katika soko kuu la hisa la New York.

Mimi siisifu kamari, wala sitaki kijana yeyote wa shule hii aelewe kwamba huko ndiko kwenye utajiri. Fedha za Harrah zilitoka katika mifuko ya watu wengi waliorudi nyumbani mikono mitupu, na ukweli huo haufutiki. Ninachowataka mkione ni tabia moja ya mtu huyu, nayo ni kujali mambo madogo. Alikuwa mpole na mwenye haya, haongei sana mbele za watu, lakini alipopita ndani ya majumba yake aliona kila taa iliyoungua na kila zulia lililochafuka, na hakutulia mpaka limeshughulikiwa. Tabia hiyo ndiyo aliyokwenda nayo kwenye magari.

Gari lake la kwanza la kale lilikuwa Maxwell la mwaka 1911, alilolinunua mwaka 1948. Wengi wetu tungelipiga rangi, tukalitia matairi mapya, tukaita jirani waje kulitazama. Harrah alijifunza upesi kwamba gari linaweza kung'aa kama kioo na bado likawa la uongo. Kabureta inaweza kuwa ya mwaka mwingine, taa zikawa za kampuni nyingine, na rangi ikawa ile ambayo kiwanda hakikuitumia kamwe. Tangu hapo akaamua kwamba gari lake litengenezwe kama lilivyotoka kiwandani, mpaka bolti ya mwisho. Ili kulijua hilo ilimlazimu awe na maandishi. Akaanza kukusanya vitabu vya mafundi, orodha za vipuri, matangazo ya biashara, picha na michoro ya viwanda, hata ikawa maktaba yake ya magari ni miongoni mwa zile kubwa kabisa duniani.

Magari nayo yakaongezeka. Mwaka 1962 mkusanyo huo ulifunguliwa kwa watazamaji katika maghala ya mji wa Sparks, ulio jirani na Reno. Mwishowe yalifikia magari kama 1,400. Palikuwa na mashua na ndege za zamani pia. Karakana zilikuwa na maseremala wa kutengeneza bodi za mbao, washonaji wa viti vya ngozi, mafundi wa rangi, wa injini na wa vyuma. Kabla fundi hajashika spana, watafiti walikwisha kuandaa faili la gari husika: limetengenezwa lini, limepita mikononi mwa nani, limebadilishwa nini. Nikiwa fundi, nawaambieni kwamba jambo hilo ndilo lililonivuta kwake kuliko mamilioni ya dola. Sisi mafundi wa hapa mara nyingi huanza na nyundo. Yeye alianza na kalamu.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 1908 yalifanyika mashindano ya magari kutoka New York hadi Paris, kupitia Marekani, Japani na Siberia. Magari 6 yaliondoka New York Februari 12. Mshindi alikuwa gari la Kimarekani aina ya Thomas, lililoingia Paris Julai 30, na safari nzima ilihesabiwa kuwa ya siku 169. Miaka ikapita, gari likachakaa na kusahauliwa. Harrah akalipata katika miaka ya 1960, lakini lilikuwa limeharibika kiasi kwamba watu walitilia shaka kama ndilo lenyewe. Akamtafuta George Schuster, yule aliyeliendesha katika mashindano, ambaye sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 90, akamleta Nevada. Mzee hakukubali kwa macho tu. Gari lilipofunguliwa vipandevipande, akaona matengenezo aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe njiani mwaka 1908. Hapo akathibitisha. Harrah hakulifanya gari lile liwe jipya. Aliagiza lirudishwe katika hali iliyokuwa nayo siku lilipoingia Paris, limechoka na limeshinda.

Mtu huyu hakuwa mkavu asiyejua mzaha. Mwaka 1969 aliwaambia mafundi wake wachukue gari la Jeep la kupanda milima na kulitia injini ya Ferrari ya silinda 12 pamoja na pua yake. Watu wakalibatiza Jerrari. Lakini fahari yake ilikuwa magari mawili ya Bugatti aina ya Royale. Ettore Bugatti aliyaunda magari hayo Ufaransa kuanzia miaka ya 1920 akikusudia kuwauzia wafalme. Injini yake ilikuwa na silinda 8 na ujazo wa lita zaidi ya 12, mara nane au zaidi ya gari dogo tunalopanda leo. Uchumi ulipoporomoka, wafalme hawakuja. Yamebaki 6 tu duniani, na Harrah alikuwa na 2 kati ya hayo 6. Moja alilinunua mwaka 1964 kwa dola 45,000, na watu walishangaa kwamba mtu mzima anaweza kutoa fedha nyingi namna hiyo kwa gari bovu la zamani.

Hapa naomba niwasimulie jambo langu mwenyewe, maana ndilo linalonifanya niandike. Marehemu baba yangu alikuwa na Peugeot 404. Ninyi wa rika langu mnalikumbuka gari hilo, lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. La baba halikuwa la mashindano, lakini alilitunza kama mtoto. Alikuwa na daftari la jalada jeusi ambamo aliandika kila badiliko la oili, kila plagi, kila safari, tangu siku alipolinunua. Baba alipofariki mwaka 1996, tulikaa matanga, na baada ya arubaini ndugu wakataka mambo yaishe. Hapakuwa na wasia. Vitu vikawekwa chini ya mwembe, akaitwa dalali, na kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa tupu. Gari, gramafoni na sahani zake, redio ya mbao, masanduku ya vifaa, yote yakaondoka. Mimi nilikuwa safarini Mbeya nikichukua vipuri. Niliporudi nilimfuata mnunuzi wa gari nimuulize kama amechukua na daftari. Hakulijua. Siku ya tatu nikanunua karanga kwa mama mmoja sokoni, nikazifungua, nikaona mwandiko wa baba yangu: oili, plagi nne, kilomita kadhaa. Mama yule alikuwa amelinunua daftari pamoja na magazeti ya zamani, kwa kilo. Gari lenyewe, kwa kuwa halikuwa na historia yoyote ya kuonyesha, liliuzwa mara ya pili kama chuma chakavu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo ndilo kosa letu. Kisha nikayasoma mambo ya Harrah, nikaona kwamba daftari peke yake halitoshi.

Harrah alikuwa na daftari kuliko mtu yeyote. Alikuwa na faili la magari yake, na maktaba nzima nyuma ya mafaili. Alikwisha kuona pia kwa macho yake kile kinachotokea kwa magari ya mtu anapoondoka. Winthrop Rockefeller, aliyekuwa gavana wa jimbo la Arkansas na mwenye makumbusho yake ya magari, alifariki mwaka 1973. Miaka miwili baadaye, magari hayo yalipouzwa, mnunuzi alikuwa Harrah. Alikuwa na ndoto ya kujenga makao makubwa ya kudumu ya mkusanyo wake karibu na Reno. Mipango iliongelewa, michoro ikachorwa. Lakini kazi zilikuwa nyingi, na hakuukamilisha mpango wa kisheria wa kuyalinda magari yale yakae pamoja baada yake. Katika kiangazi cha 1978 alikwenda kutibiwa katika hospitali ya Mayo huko Minnesota, kwa kuwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulikuwa umevimba. Akafariki katika upasuaji huo, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha mjane na watoto wawili wa kiume aliowalea kwa kuwaasili.

Vijana wanaosoma hesabu za biashara waniangalie hapa. Mtu tajiri mara nyingi hana fedha mkononi. Ana majengo, hisa na vitu. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilitoza kodi kubwa kwenye mirathi. Kiwango cha juu kilifika asilimia 70 kwa sehemu ya mali iliyozidi dola milioni 5, na kwa kawaida kodi ilitakiwa ilipwe ndani ya miezi 9. Gari la Bugatti haliwezi kulipa kodi mpaka liuzwe. Sehemu kubwa ya hisa za kampuni ilikuwa ya Harrah mwenyewe, kwa hiyo mzigo ukaangukia hapo. Mwaka 1980 kampuni ya Holiday Inns iliinunua kampuni yake yote kwa kiasi cha dola milioni 300. Mkusanyo wa magari ukaenda pamoja na kampuni, kama kabati linavyouzwa pamoja na nyumba.

Wapya hawa walikuwa wafanyabiashara wa hoteli na kasino. Maghala yaliyojaa magari ya kale, na mafundi wa kuyatunza, kwao yalikuwa gharama. Ilipojulikana mwaka 1981 kwamba magari yatauzwa, watu wa Nevada walilalamika sana, wakubwa na wadogo, kwa sababu waliyaona kuwa urithi wao. Kutokana na kilio hicho kampuni ilikubali kutoa magari 175 pamoja na maktaba ili iundwe taasisi yenye jina la Harrah. Yaliyobaki, zaidi ya elfu moja, yakawekwa sokoni. Mengine yaliuzwa kwa mapatano ya faragha, na mengine katika minada mitatu iliyofanyika mwaka 1984, 1985 na 1986.

Kwa kuwa mahakama huniita mara kwa mara kuthamini magari ya marehemu, niwaeleze kidogo mnada wa namna ile unavyokwenda, maana ni tofauti na ule wa chini ya mwembe. Kwanza kila gari hupewa namba, nalo huandikwa katika orodha yenye picha, mwaka wa kutengenezwa, namba ya injini na ya chesisi, na historia ya wenye gari tangu wa kwanza. Orodha hiyo hutangulizwa kwa wanunuzi mapema ili wajiandae. Pili, siku za mwanzo ni za kutazama. Mnunuzi huruhusiwa kuinama, kufungua boneti na kuuliza. Tatu, muuzaji anaweza kuweka bei ya chini ambayo ni siri kati yake na mwenye mnada. Zabuni isipoifikia, gari harudi nalo mtu. Nne, wanaotaka kununua hujiandikisha na kuonyesha kwamba wana uwezo wa kulipa, ndipo hupewa namba ya kuinua. Nyundo ikigonga, biashara imekwisha, na mwenye mnada hukata ujira wake.

Katika utaratibu huo, ndugu zangu, kinachouzwa si chuma peke yake. Magari mawili yanayofanana yanaweza kusimama jukwaani pamoja, moja likapata mara tatu ya jingine, kwa sababu moja lina karatasi na jingine lina maneno. Hapo ndipo kazi ya Harrah ilipozaa matunda ambayo yeye hakuyala. Mnunuzi hakuwa na haja ya kubahatisha. Jina la Harrah katika historia ya gari likawa kama muhuri, na mpaka leo gari lililopita mikononi mwake hutajwa hivyo linapouzwa.

Kilele kilikuwa mnada wa mwaka 1986. Ile Bugatti Royale niliyoiona gazetini ilipanda jukwaani, ikachukuliwa na mfanyabiashara wa Texas aitwaye Jerry Moore kwa dola milioni 6.5. Hakuna gari lililowahi kufika bei hiyo kabla ya siku ile. Baada ya mwaka mmoja akaliuza kwa Tom Monaghan, mwanzilishi wa kampuni ya piza ya Domino's, kwa dola milioni 8.1. Royale ya pili, ile ya dola 45,000, ilikwenda kwa mkusanyaji wa California, na mwaka 1999 kampuni ya Volkswagen ikaipata, baada ya kulinunua jina la Bugatti. Hivyo magari mawili yaliyokaa pamoja chini ya paa moja yakaachana. Na hayo ndiyo yanayojulikana habari zake. Fikirini mamia mengine yaliyokwenda kila mmoja na lake, nchi hii na ile, bila mtu wa kuyahesabu tena.

Sitaki niseme kwamba mnada ni jambo baya. Nimeshuhudia minada iliyookoa familia. Watoto wanane hawawezi kugawana gari moja, lakini wanaweza kugawana fedha yake. Vitu vinavyouzwa kwa wanaovijua hutunzwa, na vile vinavyong'ang'aniwa na wasiovijua huoza nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye viti. Magari mengi ya Harrah yalipata wenyewe waliowapenda, na baadhi yao walikuwa watu ambao wasingeweza kuyagusa maisha yao yote kama yangebaki maghalani. Tatizo langu ni moja tu. Waliokata shauri lipi liuzwe na lipi libaki hawakuwa yeye. Miaka 30 mtu alichagua kila bolti, na uamuzi mkubwa kuliko yote akawaachia wengine.

Yale magari 175 yalisubiri nyumba kwa miaka kadhaa. Fedha zikachangwa, na mwaka 1989 makumbusho ya taifa ya magari yakafunguliwa katikati ya Reno, kando ya mto Truckee. Lile gari la Thomas la mwaka 1908 limo humo. Mwaka 2020 hoteli na kasino yenye jina lake mjini Reno, ile iliyotokana na kilabu cha 1946, ilifungwa. Jina lake bado lipo kwenye majumba mengine ya kamari, lakini katika mji alioanzia, mtu akitaka kumwona Harrah huenda kwenye magari. Ile biashara iliyolipia yote imeondoka, na yale yaliyosemwa kuwa ni mchezo wa mzee tajiri ndiyo yaliyobaki, japo ni sehemu ndogo tu ya yaliyokuwapo.

Sasa niseme neno kwa wakubwa wenzangu. Sisi wa darasa la 1978 tumefika umri wa kuhesabu. Hatuna Bugatti, lakini hakuna kati yetu asiye na kitu: shamba, cherehani, kamera, stempu, sahani za muziki, picha za timu yetu ya mpira. Andika ulicho nacho. Kisha, na hili ndilo lililomshinda Harrah, andika unataka kifanyiwe nini. Kipi kiuzwe, kipi kisiuzwe, nani asimamie, na fedha ziende wapi. Fanya hivyo mbele ya mashahidi, kwa namna inayokubalika kisheria, na uwaambie watoto mapema ili wasije wakasoma jambo jipya siku ya msiba. Wengine huona kwamba kuandika wasia ni kujiapiza. Mimi nimekaa katika vikao vingi vya mirathi nikiwa mthamini, na ninasema kinachofarakanisha ndugu ni ule ukimya wa marehemu.

Na ninyi vijana, msicheke mkidhani hayo ni ya wazee. Daftari la baba yangu lilianza siku aliponunua gari, akiwa kijana. Anza na kidogo ulicho nacho. Baiskeli yako ina namba kwenye fremu, iandike.

Nimalizie na la kwangu. Mimi pia nimekuwa nikiahirisha. Nina Land Rover moja ya zamani, Kombi moja na Peugeot 504 niliyoinunua kwa sababu ya kumkumbuka baba, na kila mwaka nilisema mwakani nitaandika. Mwezi ujao nakwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Madaktari wana matumaini, nami pia. Lakini niliposikia maneno hayo nilimkumbuka Harrah akiingia hospitali na michoro yake haijakamilika, nikarudi nyumbani, nikaketi na mke wangu na watoto, tukaandika jioni ile. Land Rover na Kombi vitauzwa mnadani, pamoja na mafaili yake, na fedha zitakuwa karo za wajukuu. Spana, mashine ya kuchomelea na vitabu vyangu vya ufundi vitakuja katika karakana ya shule yetu. Peugeot haitauzwa. Mwanangu wa pili ameiomba, naye ameahidi kuendelea kuandika.

Natumaini siku ya mkutano wetu nitakuwa nimekwisha kutoka hospitali, Mungu akipenda, na tutakutana chini ya ule mkwaju wa uwanjani. Nisipoonekana, faili la Peugeot limo katika kabati la chuma, rafu ya pili kutoka juu.